Meza, Mkeka na Mlio wa Vitufe

Watoto, mkipita katika barabara kubwa ya Uvira asubuhi, mtaona nyumba ndogo ambamo watu hupigiwa barua zao na kutolewa fotokopi. Simameni kidogo mlangoni, msikilize. Ndani yumo kijana aketiye mbele ya kompyuta. Vidole vyake vyapiga vitufe, navyo vyalia: ta-ta-ta-ta. Endeleeni hata nyumba ya pili. Humo yumo kijana mwingine, na kibodi yake ni ya namna ileile. Lakini mlio wake si ule. Huu ni mzito: du-du-du-du, kama mtu anayebisha hodi.

Kwa nini? Vidole ni vidole, na kibodi zimetoka kiwanda kimoja. Tazameni chini ya kibodi, mtapata jibu. Kijana wa kwanza ameweka kibodi yake juu ya kitambaa kinene, na meza yake ni ya mbao nzito. Wa pili ameiweka juu ya meza ya mbao nyembamba, yenye mtoto wa meza usio na kitu ndani.

Basi leo tutajifunza jinsi meza na mkeka zinavyobadili sauti. Jambo hili laonekana dogo. Lakini mwisho wa somo mtaona kwamba laweza kumfanya mtoto asome vizuri au asisome kabisa.

1. Sauti ni kutetemeka

Weka mkono wako kooni, kisha useme: “Aaaa.” Wasikia nini chini ya vidole? Koo latetemeka. Nyamaza, na kutetemeka kwaisha. Kila sauti huzaliwa hivyo. Kitu hutetemeka, chasukuma hewa iliyo karibu nacho, hewa hiyo yasukuma nyingine, hata msukumo ule wafika sikioni mwako.

Kitu kikitetemeka polepole, sauti yake ni nene, kama ya ngoma kubwa. Kikitetemeka upesi, sauti ni nyembamba, kama ya filimbi. Sikio la mtu husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde moja hata kama 20,000. Kishindo cha meza huwa na mitetemo mamia machache kwa sekunde. Mlio mkali wa kitufe huwa na maelfu. Shikeni sana tofauti hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Tena sauti haipiti katika hewa peke yake. Katika hewa yakimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Katika maji, kama haya ya ziwa letu Tanganyika, yakimbia karibu mita 1,500. Katika ubao, ikifuata nyuzi za mti, yapita mita 3,000. Jaribu mwenyewe. Lala na sikio lako juu ya meza ndefu, na rafiki yako akwaruze kwa ukucha upande wa pili. Utasikia mkwaruzo kana kwamba uko ndani ya sikio lako. Inua kichwa: husikii kitu, au wasikia kidogo tu. Ubao ni njia nzuri ya sauti kuliko hewa.

2. Uma na meza

Chukua uma wa chuma. Ushike kwa mkia, ugonge meno yake kwa kijiko, uuinue hewani. Wasikia sauti ndogo sana. Sasa ugonge tena, na mara moja simamisha mkia wake juu ya meza. Sauti yakua!

Nani ameiongeza? Nguvu ni ileile uliyoitia kwa kijiko. Meza haina nguvu yake yenyewe. Lakini meno ya uma ni membamba, yapita katika hewa kama kisu, yasukuma hewa kidogo tu. Mkia ulipogusa meza, ubao wote ulianza kutetemeka pamoja na uma. Ubao ni mpana. Wasukuma hewa nyingi, kama kafi pana linavyosukuma maji mengi kuliko fimbo. Ndiyo sababu twasikia vema.

Lakini sauti hiyo yaisha upesi zaidi. Uma ulioshikwa hewani hulia kidogo kwa muda mrefu. Uma uliosimama juu ya meza hulia sana kwa muda mfupi. Ni kama fedha: atumiaye nyingi kila siku humaliza mapema.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya vitabu. Mwajua likembe, ile ala yenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Vyuma vyake vimefungwa juu ya ubao au juu ya kisanduku cha mti, na wapigaji wengine huiweka ndani ya nusu ya kibuyu kikubwa. Bila kisanduku na kibuyu, vyuma vingelia kwa mpigaji peke yake. Ng’ambo ya ziwa, katika Burundi, kuna inanga. Nyuzi zake zavutwa juu ya ubao mpana uliochongwa kama sinia refu. Uzi peke yake hauna sauti ya kutosha. Ubao ndio unaoufikisha mlio kwa wasikilizaji.

Basi fahamuni: kibodi juu ya meza ni kama likembe juu ya kibuyu. Tofauti ni hii: mpiga likembe ataka kusikiwa, lakini mpiga barua hataki.

3. Meza si zote sawa

Meza ya kwanza ni ya ubao mwembamba, yenye mtoto wa meza mtupu chini yake. Hii ni ngoma. Ubao wa juu ndio ngozi, na nafasi iliyo ndani ndiyo tumbo la ngoma. Ukigonga juu, hewa ya ndani hutetemeka pia. Sauti ni nene na kubwa. Waswahili husema, “Debe tupu haliachi kuvuma.” Methali hiyo husemwa juu ya watu, lakini hata juu ya meza ni kweli. Jaza mtoto wa meza kwa vitabu au kwa nguo, nawe utasikia kishindo kimepungua.

Meza ya pili ni ya mbao nene na nzito. Hii haitetemeki upesi, maana vidole haviwezi kuitikisa. Sauti yake ni fupi na tulivu. Fundi hodari huongeza vipande vya mbao chini, kutoka mguu mmoja hata mwingine, ili ubao wa juu usipate nafasi ya kucheza.

Meza ya tatu ni ya simenti au ya jiwe. Hii haitetemeki karibu hata kidogo. Je, juu yake kibodi itanyamaza? Hapana. Kishindo kinene kitakosekana, lakini mlio mwembamba utabaki, tena utakuwa mkali. Sababu ni kwamba jiwe ni gumu na laini usoni. Sauti iangukayo juu yake hairudi ndani, hurushwa juu tena, kama mpira unavyorushwa na sakafu. Meza yenye kioo hufanya vilevile.

Meza ya nne ni ya bati au ya chuma chembamba. Hii ni mbaya kuliko zote. Chuma hakimezi mtetemo upesi. Huendelea kulia kama kengele, hata baada ya kidole kuondoka.

Tena tazameni miguu ya meza. Miguu hupeleka mtetemo sakafuni. Na meza ikigusa ukuta, hupeleka mtetemo ukutani. Hapo ukuta wenyewe wawa ubao wa inanga, na mtu aliye chumba cha pili asikia kishindo kama kwamba amepigiwa yeye. Ukuta wa mbao au wa bati hufanya hivyo sana. Ukuta mzito wa matofali hufanya kidogo.

4. Mashine za kuandikia na kibodi

Tabu hii si ya leo. Mwaka 1868, katika mji wa Milwaukee, Marekani, Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hati ya serikali kwa ajili ya mashine ya kuandikia waliyoibuni. Kiwanda cha Remington, kilichokuwa kikitengeneza bunduki, kilianza kuiuza mwaka 1874. Katika mashine za namna hiyo zilizoenea baadaye, kila kitufe kilivuta mkono wa chuma wenye herufi. Mkono huo uliruka na kupiga karatasi. Nyuma ya karatasi palikuwa na mwamba wa mpira mgumu. Kila herufi ilikuwa pigo la nyundo ndogo.

Ofisi yenye makarani kumi ilikuwa na nyundo kumi zikipiga mchana kutwa. Basi watu walianza kuweka chini ya mashine kipande kinene cha sufu iliyoshindiliwa, au cha mpira. Kitambaa hicho kilizuia mashine isiteleze mezani, tena kilipunguza kishindo. Wengine walijaribu kubadili mashine yenyewe, wakatengeneza mashine ambazo mikono yake husukuma herufi juu ya karatasi, haizipigi kwa nguvu.

Leo tuna kompyuta. Kibodi nyingi za bei ndogo zina shuka la mpira chini ya vitufe. Kidole kikishuka, mpira wajikunja, na mlio ni mdogo. Lakini ziko nyingine ambazo kila kitufe kina swichi yake na springi yake ya chuma. Hizi huitwa kibodi za mekanika. Mwaka 1985 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kibodi iitwayo Model M. Ndani yake springi hujikunja kwa ghafula na kutoa mlio mkali, hata mwandishi ajua bila kutazama kwamba herufi imeingia. Katika miaka hiyo ya 1980 kampuni ya Cherry ya Ujerumani nayo ilianza kutengeneza swichi zake ziitwazo MX, ambazo zatumika hata leo.

Watu wengi hupenda kibodi hizo kwa sababu zadumu na zafurahisha kidole. Lakini zina sauti. Sikilizeni sauti hiyo vizuri, mtaona ni sauti tatu zilizochanganyika. Ya kwanza ni mlio wa swichi yenyewe. Ya pili ni pigo la kitufe kinapofika mwisho wake chini, na tena kinaporudi juu. Ya tatu ni mtetemo wa kisanduku cha kibodi, unaoshuka mezani. Kisanduku cha plastiki kilicho kitupu ndani ni debe tupu jingine. Kwa hiyo wenye kibodi hizo hutia sponji ndani yake, au hununua kisanduku kizito.

5. Mkeka hufanya kazi gani?

Watu wengi hufikiri kwamba mkeka hufunika sauti kama sufuria ifunikavyo moto. Si hivyo. Fanyeni jaribio hili, nanyi mtafahamu.

Kateni utepe mrefu wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Fungeni jiwe dogo upande mmoja, mshike upande wa pili, jiwe lining’inie. Sasa pelekeni mkono juu na chini polepole sana. Jiwe lafuata mkono: juu, chini, juu, chini. Ongezeni mwendo kidogo. Tazameni! Jiwe lacheza kuliko mkono, laruka kama mbuzi. Sasa chezesheni mkono upesi sana. Ajabu! Mkono watetemeka, lakini jiwe karibu limesimama. Mpira umejivuta na kurudi, wala haukupata wakati wa kulisogeza jiwe.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mkeka. Kitu laini kilicho katikati ya vitu viwili huzuia mitetemo ya upesi isivuke. Kibodi yatetemeka juu, mkeka wajikunja na kujikunjua, na meza yabaki tulivu. Lakini kumbukeni jiwe lilivyoruka. Mitetemo ya polepole huvuka, na kuna mwendo mmoja wa katikati ambao mtetemo huzidi. Kwa hiyo mkeka mgumu au mwembamba mno hausaidii sana. Huzuia milio myembamba tu, na kishindo kinene chapita. Ili kuzuia kishindo, mkeka uwe laini na mnene, na kitu kilicho juu yake kiwe kizito. Uzito wa juu na ulaini wa chini husaidiana.

Lakini usilaini kupita kiasi. Sponji ya godoro ikilemewa na mashine nzito hulala chini kabisa. Ikiisha kulala, si laini tena. Imekuwa kama ubao. Ukiweka mkono juu ya mashine na kuisukuma, inapaswa kushuka kidogo na kurudi. Isiposhuka, mkeka ni mgumu. Isiporudi, mkeka umekwisha.

Kazi ya pili ya mkeka ni kumaliza nguvu ya mtetemo. Nyuzi za sufu zasuguana, mpira wajikunja, na nguvu ile yageuka kuwa joto. Joto hilo ni dogo sana, mkono hauwezi kulisikia. Kazi ya tatu ni kumeza sauti iliyo hewani. Sauti ikianguka juu ya simenti, hurushwa. Ikianguka juu ya kitambaa kinene, yaingia katika matundu madogo yasiyohesabika, na nyingine haitoki tena.

Sasa tupime vitu vilivyo karibu nasi. Mkeka wetu wa matete ni mzuri kwa kulalia, lakini chini ya kibodi wasaidia kidogo, maana matete ni magumu. Bulangeti lililokunjwa mara nne ni zuri. Sufu nene ni nzuri. Mpira wa ndani wa gari, vipande viwili au vitatu kimoja juu ya kingine, ni mzuri, tena hauteleza. Gazeti moja ni bure. Magazeti mengi yenye kitambaa katikati yafaa kuliko kukosa.

Na mkeka hauwezi nini? Hauwezi kuzuia mlio unaotoka juu ya vitufe na kwenda hewani moja kwa moja. Mlio huo haupiti mezani, basi kitu kilicho chini hakiuoni. Atakaye kuupunguza, na abadili vitufe au swichi, au apige kwa vidole vyepesi, au afunge mlango.

6. Mfano wa shule moja

Tutunge mfano. Hebu fikirini shule moja ya vijijini, kando ya ziwa. Ofisi ya karani na darasa la nne zimetengwa kwa ukuta wa mbao. Karani ana meza nyembamba, ameisukuma hata yagusa ukuta ule ili apate nafasi ya kupita. Wakati wa mitihani yuapiga karatasi za maswali asubuhi yote.

Upande wa pili mwalimu asoma imla. Karibu na ukuta ameketi msichana mmoja mpole. Mwalimu asema “pata,” msichana aandika “bata.” Mwalimu asema “taka,” yeye aandika “kaka.” Siku zapita, alama zake zashuka. Mwalimu asema, “Wewe huna bidii.” Msichana hajibu. Nyumbani baba yake asema, “Kama hawezi kusoma, na akae amsaidie mama yake kuuza ndakala.”

Watoto, tazameni hatari hiyo. Herufi p, t na k ni sauti fupi na dhaifu sana. Hutoka na kupotea kabla hujapepesa macho. Kishindo kidogo chaweza kuzifunika. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ni ndefu na zenye nguvu, hazifunikwi upesi. Kwa hiyo msichana yule alisikia maneno yote, lakini vichwa vya maneno vilikuwa vimekatwa. Kosa halikuwa la akili yake.

Siku moja mwalimu aketi mahali pa msichana wakati wa mapumziko, na karani yu kazini. Asikia ukuta wapiga: du-du-du. Aondoka mbio, aingia ofisini.

“Baba Karani,” asema, “naomba radhi. Meza yako yapiga ngoma darasani mwangu.”

“Mimi?” asema karani. “Mimi napiga kwa vidole tu, Mwalimu. Hata mimi mwenyewe sisikii sana.”

“Njoo ukae kule, mimi nipige hapa.”

Karani aketi katika dawati la msichana, asikia, akashika kichwa. Arudi, akasema, “Nisamehe, Mwalimu. Sikujua.”

Basi walifanya kazi kwa utaratibu, jambo moja kwa mara moja, na baada ya kila jambo mmoja wao alikwenda kusikiliza. Kwanza waliondoa meza ukutani, ikabaki nafasi ya kiganja kimoja. Kishindo kikapungua sana. Pili walijaza mtoto wa meza kwa karatasi za zamani. Kikapungua tena kidogo. Tatu waliweka bulangeti lililokunjwa chini ya kibodi. Kishindo kikaisha, ikabaki ta-ta-ta nyembamba. Nne waliweka vipande vya mpira chini ya miguu ya meza. Hapo hawakusikia tofauti yoyote, maana sakafu ilikuwa ya udongo, nayo haipeleki mtetemo. Wakaondoa mpira, wakautunza kwa kazi nyingine. Mwisho walifunga mlango wa ofisi, kwa sababu ile ta-ta-ta ilikuwa ikipita mlangoni kwa njia ya hewa.

Wangalifanya yote kwa pamoja, wasingalijua lipi limesaidia na lipi halikusaidia. Kubadili jambo moja, kisha kusikiliza, ndiyo njia ya watu wa sayansi. Haihitaji fedha.

Kesho yake mwalimu asoma imla ileile. Msichana aandika “pata,” aandika “taka.” Mwalimu atazama daftari, asema mbele ya wote, “Mwanangu, mimi ndiye niliyekosa. Nilikuhukumu kabla sijakaa mahali pako.”

7. Kinu cha sombe na mashine ya kusaga

Maarifa haya si ya makarani tu. Mama anayetwanga sombe mapema asubuhi, kinu chake kikiwa juu ya sakafu ya simenti, huamsha nyumba nzima. Akikiweka nje juu ya udongo, au akitia gunia lililokunjwa chini yake, watoto wachanga wataendelea kulala. Mtwangio ni ule, sombe ni ile. Kilichobadilika ni kilicho chini.

Mvuvi akiangusha kafi ndani ya mtumbwi, mtumbwi wote hulia, maana tumbo lake ni tupu kama ngoma. Na ubao wa mtumbwi wagusa maji, basi mlio washuka majini upesi. Kipande cha gunia ndani ya mtumbwi, mahali kafi liangukapo, chapunguza mlio huo.

Mashine ya kusaga muhogo nayo hutikisa nyumba. Fundi ajuaye kazi huifunga juu ya msingi mzito wa simenti, na kutia vipande vinene vya mpira chini ya injini. Ni bulangeti na kibodi tena, lakini kwa ukubwa mwingine. Hata katika chumba cha redio, kipaza sauti hakiwekwi juu ya meza ovyo. Huning’inizwa katika nyuzi za mpira, ili mtangazaji akigusa meza, wasikilizaji wasipate kishindo masikioni.

8. Mambo ya kukumbuka

Sauti ni kutetemeka. Kitu kidogo hulia kidogo. Kikigusa kitu kipana, hulia sana. Meza tupu na nyembamba huongeza kishindo. Meza nzito hukipunguza. Jiwe na kioo hurusha milio myembamba. Mkeka laini na mnene huzuia mtetemo usishuke mezani, lakini hauzuii sauti ipitayo hewani. Na meza isiguse ukuta wa jirani.

Tena kumbukeni hili: anayepiga kelele mara nyingi ndiye wa mwisho kuisikia. Karani yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajaketi upande wa pili wa ukuta. Basi kabla ya kusema, “Sauti yangu ni ndogo,” nenda ukae mahali pa mwenzako, usikilize.

Maswali

1. Kwa nini uma hulia zaidi mkia wake ukigusa meza? Na kwa nini hunyamaza mapema?
2. Mtoto wa meza mtupu hufanana na nini? Ungefanya nini ili apunguze kishindo?
3. Meza ya simenti haitetemeki. Kwa nini basi kibodi yalia vikali juu yake?
4. Jiwe lililofungwa kwa mpira lilifanya nini mkono ulipokwenda polepole? Ulipokwenda upesi sana?
5. Kwa nini vipande vya mpira chini ya miguu ya meza ya karani havikusaidia? Vingesaidia katika nyumba ya namna gani?
6. Kwa nini msichana aliandika “bata” badala ya “pata”?

Kazi ya nyumbani

Weka saa ya ukutani au ya kuamsha juu ya meza, usikilize mlio wake. Kisha iweke juu ya gazeti, juu ya mkeka wa matete, juu ya nguo iliyokunjwa mara nne, na juu ya sanduku tupu. Badili kitu kimoja tu kila mara, nawe usimame mahali palepale. Andika katika daftari lako mlio ulikuwa mkubwa wapi na mdogo wapi. Kisha mweleze mdogo wako sababu yake.